Gari Linapotetemeka: Usingoje Kardani Ianguke



Siku ile nilipakia kwenye kamyoneti mifuko ya maharagi, mapipa mawili ya mazutu na watu saba, wanne kati yao wakikaa juu ya mizigo. Tulitoka Butembo asubuhi kwenda Manguredjipa, safari ya karibu kilomita 100. Wazee waliofanya kazi wakati wa MGL, kisha wakati wa SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976, waliijua njia ile kwa matope yake kama sisi tunavyoijua. Tangu kutoka mjini nilisikia mvumo chini ya kiti. Haikuwa kelele kubwa. Ilikuwa kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo. Kijana msaidizi akaniuliza: «Baba shofere, ni nini hiyo?» Nikamjibu: «Barabara ni mbaya tu.»

Kabla ya kufika Njiapanda, katika mteremko, kardani ya nyuma iliachia. Ikapiga chini ya gari kama nyundo. Injini haikuzuia tena magurudumu, gari likaanza kukimbia lenyewe. Nikavuta freni ya mkono, haikushika kitu. Tulisimama kwenye ukingo wa udongo, gari limelala ubavu. Hakuna aliyekufa. Lakini yule kijana alivunjika mguu. Nilipokwenda kumtazama hospitalini hakunilaumu. Aliniuliza tu: «Baba, wewe pia ulikuwa umesikia, sivyo?»

Nilikuwa nimesikia. Ndiyo sababu leo ninataka tuzungumze juu ya mtetemeko wa gari, jinsi ya kuusikiliza na kujua unatoka wapi. Shofere anayejua jambo hili halazimiki kuwa fundi. Inatosha aweze kumwambia fundi neno la kweli, na aweze kukataa kuondoka.

Kardani ni kitu gani?

Injini iko mbele, ponti ya nyuma iko nyuma, na kati yao kuna bomba la chuma linalozunguka: ndiyo kardani. Jipu yenye nguvu katika magurudumu yote manne ina kardani mbili, moja ya kwenda nyuma na moja ya kwenda mbele. Kwa kuwa ponti hupanda na kushuka pamoja na resori, kardani haiwezi kushikwa moja kwa moja. Kila mwisho wake una kiungo chenye msalaba mdogo wa chuma. Mikono minne ya msalaba ule imeingia katika vikombe vinne, na ndani ya kila kikombe mna sindano nyembamba za chuma zinazoviringika katika grisi. Grisi ikikauka, au maji yakiingia, sindano zile hula chuma, na msalaba huanza kucheza. Katikati ya kardani kuna kipande kinachoingia ndani ya kingine kwa meno, ili irefuke na kufupika.

Jina la kardani limetoka kwa Gerolamo Cardano, mtaalamu wa hesabu wa Italia aliyeishi miaka ya 1501 hadi 1576. Lakini aliyetuachia tatizo lenyewe ni kiungo chake. Kiungo cha msalaba kikizunguka katika pembe, upande wa pili hauzunguki sawasawa: huenda mbio kidogo, kisha polepole kidogo, mara mbili katika kila mzunguko. Chukua pembe ya digrii 20. Ikiwa upande mmoja unazunguka kwa mwendo wa 100, upande wa pili hupanda hadi 106 na kushuka hadi 94, kisha tena na tena. Kiungo cha upande mwingine wa kardani kimewekwa ili kifute kosa hilo. Kitalifuta kwa sharti mbili: pembe za pande zote mbili ziwe sawa, na mikono ya viungo viwili iwe imesimama katika mstari mmoja. Ukiharibu sharti moja, gari litavuma hata kama kila kitu ni kipya.

Hesabu mapigo

Hapa ndipo penye siri yote, nami ninaomba msomaji asiruke hesabu hii ndogo.

Mpira wa jipu wa kipimo cha 7.50 kwa 16 husafiri karibu mita 2 na nusu kila unapozunguka mara moja. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gurudumu huzunguka karibu mara 7 katika sekunde moja. Kardani yenyewe huzunguka zaidi, kwa sababu diferansieli huigawanya: katika jipu nyingi, gurudumu likizunguka mara 1, kardani huzunguka kidogo kupita mara 4. Basi kwa mwendo ule ule kardani huzunguka karibu mara 27 kwa sekunde. Na kosa la pembe za viungo, linalopiga mara mbili kwa mzunguko, litapiga mara 54.

Mapigo 7 kwa sekunde mwili unayasikia kama kutikiswa. Usukani unacheza, mashavu yanacheza, kiti kinakurusha. Mapigo 27 huwezi tena kuyatenga moja moja: ni mvumo, miguu inawashwa kwenye sakafu, kioo cha kutazamia nyuma kinaonyesha vitu viwiliviwili. Mapigo 54 ni sauti, kama mtu anayevuma kwa kufunga mdomo. Kwa hiyo kutikiswa polepole kunatoka kwenye magurudumu. Mvumo unatoka kwenye kardani au kwenye injini.

Sasa utatenganisha vipi kardani na injini? Simama mahali tambarare, weka bila vitesi, kanyaga mafuta taratibu. Kama gari linatetemeka likiwa limesimama, kardani haina kosa, kwa maana haizunguki. Tazama injini, mipira inayoishika, na ambreyaji. Kama limetulia, ondoka, na mahali pazuri uende kilomita 50 kwa saa katika vitesi ya 4, kisha mwendo ule ule katika vitesi ya 3. Injini sasa inazunguka zaidi, lakini kardani na magurudumu yanazunguka kama mwanzo. Mvumo usipobadilika, ugonjwa uko nyuma ya bwati ya vitesi. Ukibadilika pamoja na injini, uko mbele yake.

Wako mashofere wanaopenda kujaribu kwa kutoa vitesi na kuliacha gari lijiendee. Kwenye uwanja tambarare, bila mzigo na bila abiria, sawa. Katika mteremko, hapana kabisa. Butembo iko juu ya mita 1,700 na Beni iko chini ya mita 1,300. Kati yake kuna miteremko ya kutosha kumzika mtu anayefanya majaribio.

Jambo jingine la kusikiliza ni mguu wako wa mafuta. Mtetemeko unaokuja unapokanyaga na kupotea unapoachia, au kinyume chake, kwa kawaida unatoka kwenye pembe za kardani, kwenye msalaba uliokwisha, au kwenye rulma za ponti. Mtetemeko usiojali mguu wako, unaofuata mwendo tu, ni wa kitu kisicho na uzito sawa pande zote: gurudumu, au bomba la kardani.

Na jipu ikiwa na vifungio vya kukatia magurudumu ya mbele, vifungue, uende tena njia ile ile. Mvumo ukipotea, ilikuwa kardani ya mbele au ponti yake. Jaribio hili halina gharama hata ya faranga moja, na sijui kwa nini watu hulisahau.

Anza na matope

Kabla ya kulaumu kitu chochote, chukua maji na kijiti. Udongo wetu wa Butembo hushika kama saruji. Ukijaa ndani ya janti upande mmoja na kukauka usiku, asubuhi gari litatikisa usukani kama mgonjwa wa malaria. Nimeona gari likifunguliwa ponti nzima kwa ajili ya udongo uliokuwa ndani ya janti ya kushoto.

Udongo hushika pia kwenye bomba la kardani. Gramu 100 tu za matope upande mmoja wa bomba, kwa mwendo wa kilomita 60, huvuta kardani kama uzito wa karibu kilo 12 unaozunguka nayo mara 27 kwa sekunde. Kwa kilomita 80 huwa karibu kilo 21, kwa kuwa nguvu hiyo haiongezeki pamoja na mwendo tu, bali kwa mwendo mara mwendo. Angalia pia kama waya au kamba ya mzigo imejifunga huko. Ukiona kibonyeo cha jiwe kwenye bomba, au alama ya kibati kidogo kilichokuwa kimechomelewa na sasa hakipo, umepata jibu. Kibati kile kiliwekwa na kiwanda ili kusawazisha uzito.

Baada ya hapo, shika kardani kwa mikono miwili, injini ikiwa imezimwa, ufunguo mfukoni mwako na si mfukoni mwa mwingine. Isukume juu na chini karibu na kila msalaba. Haipaswi kucheza hata kidogo. Izungushe kushoto na kulia: hapo mchezo mdogo ni wa kawaida, ni meno ya diferansieli. Tazama kandokando ya vikombe. Unga mwekundu kama pilipili ni kutu ya sindano zilizokauka. Msalaba huo umekwisha, na grisi haitaufufua. Ukisikia sauti ya ndege, kwi-kwi-kwi, gari linapoondoka polepole, ni ugonjwa ule ule katika siku zake za kwanza. Ukisikia «ta!» kila unapobadili vitesi, ni wa siku za mwisho. Buloni za kushikia kardani nazo zijaribiwe kwa ufunguo, si kwa macho.

Makosa tunayoyatengeneza wenyewe

La kwanza ni resori. Ili gari libebe zaidi, watu huongeza majani ya resori. Nyuma ya gari hupanda, pembe ya kardani hubadilika, na mvumo ambao haukuwako huzaliwa siku hiyo. Mwenye gari hushangaa: «Nimeweka vitu vipya!» Kuzidisha mzigo huleta kosa kama hilo kwa upande mwingine, resori zikilala.

La pili ni kufungua kardani bila kuweka alama. Vipande viwili vyenye meno vikitenganishwa na kurudishwa jino moja pembeni, mikono ya viungo haisimami tena katika mstari mmoja. Weka alama ya rangi au ya patasi kwenye kila kiungo kabla ya kufungua. Usitegemee jicho peke yake, maana kuna jipu ambazo kardani ya mbele ilitoka kiwandani mikono yake ikiwa imepishana kwa makusudi. Fundi asiyejua «husahihisha», na gari huanza kuugua.

La tatu ni kuchomelea bomba lililovunjika. Ninajua kipuri kipya ni ghali, na vijana wetu wa kuchomelea wana mikono mizuri. Lakini bomba lililochomelewa bila kupimwa kama limenyooka na lina uzito sawa halifai kubeba watu. Litumike kufikisha gari garajini, polepole, tupu.

Chini ya gari

Hapa ninasema kwa ukali, na wenye garaji wanisamehe. Mtu yeyote asilale chini ya gari ambalo injini yake inawaka na vitesi imeingia, ili «aone kardani inavyocheza». Hata injini ikizunguka polepole kabisa, mara 700 kwa dakika, katika vitesi ya 4 kardani huzunguka karibu mara 12 kwa sekunde. Bomba lenye mzingo wa sentimita 24 litameza karibu mita 3 za nguo katika sekunde moja. Kitenge, kamba ya koti, mkono wa shati: hakuna nafasi ya kupiga kelele. Tena, gari lililoinuliwa gurudumu moja laweza kuruka kutoka juu ya kriki. Na watoto wasicheze karibu, hata kama baba anatengeneza gari nyumbani siku ya Jumapili.

Nirudi sasa kwenye freni yangu ya mkono iliyokataa. Katika Land Rover za zamani, pamoja na Defender za zamani, na katika Land Cruiser za zamani za namna ya FJ40, freni ya mkono haishiki magurudumu. Inashika kardani ya nyuma, pale inapotoka kwenye bwati. Gari langu lilikuwa la namna hiyo. Kardani ikianguka au ikitolewa, mkono wa freni unavuta hewa. Na hata kardani ikiwa mahali pake, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa kriki, diferansieli itaruhusu gari liviringike, freni ya mkono ikiwa imevutwa hadi mwisho. Weka mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Fanya hivyo kila mara, na kwa gari la aina yoyote, ili usilazimike kukumbuka lipi ni lipi.

Kardani ikiachia kwa upande wa mbele ni hatari zaidi: mwisho wake huanguka chini, huchimba ardhi, na gari lenye mwendo laweza kuinuliwa na kupinduliwa. Mviringo wa chuma uliofungwa kwenye shasi kuizunguka kardani huizuia isiguse chini. Fundi yeyote mzuri anaweza kuutengeneza.

Njiani

Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limejua mauaji ya raia, na njia za Oicha, Eringeti na Kasindi zimeona magari yakishambuliwa. Sitaongeza maneno, kila nyumba inajua. Nataka tu shofere ahesabu jambo moja: mvumo uliosikia Beni saa mbili ya asubuhi ni kazi ya saa chache kwa fundi. Mvumo ule ule ukivunja msalaba katika uwanda wa Semliki saa kumi na moja ya jioni ni usiku mzima porini pamoja na watu waliokutumaini.

Hata hivyo ikitokea, simama taratibu, zuia magurudumu, shusha watu wote upande wa mbali na barabara. Kardani ya nyuma ikiwa imevunjika, jipu nyingi zaweza kufika mahali salama kwa kardani ya mbele peke yake: toa ile ya nyuma kabisa, funga vifungio vya magurudumu ya mbele, weka nguvu ya magurudumu manne, nenda polepole. Punguza mzigo. Usiteremke mlima mkali namna hiyo.

Na lami? Kazi za barabara ya Kasindi hadi Beni, karibu kilomita 80, na Beni hadi Butembo, kilomita 54, zilizinduliwa Juni 2021. Kipande cha lami ni daktari mzuri wa magari. Barabara ya mashimo huficha kila ugonjwa. Ukiingia kwenye lami na mtetemeko ukabaki, usiseme tena kwamba ni barabara. Lakini lami inakaribisha mwendo wa 80 kwa kardani iliyozoea 30, na hesabu ya matope umeiona hapo juu.

Mgongo wa shofere

Ukurasa huu ni wa afya pia. Mwili wa mtu aliyeketi huumizwa zaidi na mapigo ya 4 hadi 8 kwa sekunde, kwa kuwa tumbo na mgongo nao hucheza kwa mapigo hayo. Linganisha na gurudumu letu: 7. Miaka ya kazi katika kiti cha namna hiyo huleta maumivu ya kiuno ambayo dawa ya duka haiyatoi. Kiti kilichovunjika kitengenezwe kama freni inavyotengenezwa. Ukifika baada ya saa nyingi, usiruke kutoka juu na usishike mfuko wa kilo 50 papo hapo. Tembea kwanza dakika kumi. Mama mwenye mimba, kama hana budi kusafiri, akae ndani mbele, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kamwe si juu ya ponti ya nyuma.

Kuhusu grisi: tia kila kilomita 5,000 kwa barabara zetu, na siku ile ile gari likivuka maji yaliyofika kwenye kardani. Kwenye msalaba, piga pompi hadi grisi mpya itoke katika vikombe vyote vinne. Kikombe kisichotoa kitu kimeziba, mwambie fundi. Kwenye kipande cha meno, piga mara chache tu. Ukikijaza kupita kiasi, kardani haiwezi kufupika na itasukuma rulma za bwati. Andika tarehe na kilomita katika daftari la gari.

Yule kijana leo ni shofere. Mguu wake unamuuma siku za mvua. Ana daftari lake mwenyewe, nami nimeliona: kando ya kila safari ameandika aliyoyasikia, hata pale alipoandika «sikusikia kitu».